Nyaya Nne za Kijivu

Mota tatu nimezing'oa kwenye printa mbovu
zilizotupwa nyuma ya posta, hapa Plovdiv,
wiki ile theluji ilipogeuka matope.
Kila mota ina nyaya nne,
na nyaya zote nne ni za kijivu.
Aliyezifunga hakuwaza kwamba mchonga mihuri ya mikate
angekesha nazo mezani akizidadisi.

Niliteleza ngazini. Kifundo kikavunjika mahali pawili.
Daktari alisema, "Utapona," kisha akatazama dirishani.
Tangu hapo nikishika patasi inatetema,
na mti wa mpea hausamehe kiganja kinachosita.
Basi najenga mkono mwingine:
reli za droo, skrubu ndefu, ubao wa meza ya jikoni,
na mota hizi, ambazo bado hazijui kuwa ni viungo.

Lyubcho wa ghorofa ya nne, fundi wa lifti,
aliniahidi mita. Ikawa mita iko kwa mkwewe.
"Huihitaji," akasema, amesimama mlangoni na soksi.
"Una vidole. Zungusha shafti."
Nikazungusha. Ikaenda kwa vigongo vidogo,
kama punje za mchele chini ya kitambaa.
"Shikanisha nyaya mbili, zozote. Zungusha tena."
Wa kwanza na wa pili: vilevile.
Wa kwanza na wa tatu: vilevile.
Wa kwanza na wa nne,
shafti ikakaza shingo,
ikagoma kama mtoto anayevutwa kwa daktari wa meno.
"Hizo," akasema, "ni za nyumba moja."

Hapakuwa na betri. Hapakuwa na swichi.
Nguvu iliyonikatalia ilikuwa yangu mwenyewe:
imeingia kwenye koili, imezunguka,
imenirudia.

Jozi ya kwanza nikaipaka rangi ya kucha, nyekundu,
chupa iliyobaki tangu arusi ya Desislava.
Jozi ya pili nikaiacha na ukijivu wake.
Lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikapoa.
Mota ya pili nayo hivyo hivyo.

Ya tatu sikuipima.
Nilijiona fundi.
Nikaunganisha kwa mpangilio wa zile mbili, nikawasha,
ikanguruma, ikatetemeka papo hapo,
nusu hatua mbele, nusu hatua nyuma,
kama mtu aliyefika jikoni akasahau alichofuata.
Nami kwa hasira nikaushika waya niuchomoe.

"Acha!" Lyubcho alipiga kelele hata mbwa wa jirani akajibu.
"Kamwe, umeme ukiwaka! Zima kwanza!"
Kumbe kiendeshi chake cha kwanza alikiua hivyo:
kililia *ta*, kikatoa uzi wa moshi,
chumba kikanuka leva kumi na mbili.

Nikazima. Nikapima. Nikabadilisha.
Mhimili wa pili nikiuamuru kulia unakwenda kushoto,
lakini hilo si kosa la kukosesha usingizi:
geuza jozi moja, ncha kwa ncha, nao unatii.
Kiasi cha umeme nilikipunguza kwa bisibisi ndogo,
robo mzunguko, nusu ya robo,
mpaka mota ikawa na joto la mkate
uliotoka tanurini nusu saa iliyopita.
Joto hilo nalijua. Hapo sikuhitaji kuelekezwa.

Saa saba usiku tuliifungia kalamu badala ya kisu.
Ikachora duara la muhuri, taratibu, ikiimba kwa pua.
Duara halikufunga:
palibaki mlango wa upana wa unywele.
"Nati ya nyuma imelegea," akasema Lyubcho akipiga miayo,
akapanda kwake bila kuaga.

Nilikaa kidogo nikiutazama ule mlango.
Mihuri yangu ya zamani, niliyoichonga nikiwa mzima,
ninayo kabatini. Sikwenda kulinganisha.

Nikazima umeme.
Mhimili wa wima, ulipokosa wa kuushika,
ukashuka wenyewe, polepole, bila amri,
na kalamu ikagusa karatasi,
nje kidogo ya duara,
ikaacha nukta.